Tulia Hapo Hapo

Mtaa mzima unamwita Bi Tulia, na wengi hawajui kama ana jina jingine. Hilo amelipata kazini. Kwa miaka ishirini na mitatu amekuwa akipiga picha za pasipoti na vitambulisho katika chumba kimoja kilichopakana na ofisi ya hati za safari, na kila anayekaa kwenye stuli yake husikia maneno yale yale kwa mpangilio ule ule: "Kidevu juu kidogo. Usicheke. Tulia hapo hapo." Kamera ikishalia anamalizia: "Asante. Haya, anayefuata." Hata kama hakuna anayefuata, anasema. Siku moja mteja wa mwisho aligeuka kumtafuta huyo mtu, akaona mlango mtupu, akaondoka na wasiwasi wake.

Ndani ya chumba hicho mna kitambaa cheupe ukutani, taa mbili zenye miavuli, kioo kidogo, kitana kilichofungwa kwa uzi kisije kikaondoka na mtu, na kamera juu ya stendi ya miguu mitatu. Stendi hiyo ndiyo iliyomsitiri. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa, mkono wa kulia wa Bi Tulia ulikuwa unatetemeka, na hakuna binadamu aliyekuwa ameambiwa.

Ulikuwa mkono mjanja. Ukilala juu ya paja hautikisiki, mpole, huwezi hata kuushuku. Unaanza pale unapotumwa: kushika kalamu, kufunga kifungo, kuinua kikombe. Basi Bi Tulia akaanza kuyapanga maisha yake kuuzunguka. Mkasi wa kukatia picha aliuweka kando, akanunua kikatio cha mezani, akasema huo ndio usasa. Chai aliiacha ipoe mpaka aweze kuishika kwa mikono miwili. Mgahawani aliagiza soda kwa mrija, na rafiki zake walipomuuliza amekuwa mtoto tangu lini, aliwaambia meno yake hayapendi baridi. Uongo huo haukumpa kazi ya kuukumbuka, kwani kila mtu wa umri wake ana jino la kulisingizia.

Aliyekuwa akimtia hofu hasa ni baba yake, ingawa ni marehemu. Baba ndiye aliyemwachia studio. Yeye alikuwa mpiga picha wa arusi na mahafali, kamera mkononi, hana habari na stendi. Alipofika miaka arobaini na saba mkono ukaanza, akautia mfukoni na kunyamaza. Akanyamaza mpaka ikaja arusi moja kubwa, ambayo picha zake zote, kuanzia bibi arusi akishuka garini mpaka kukata keki, zilitoka zimetikisika. Jamaa wa bibi arusi walikuja studio watu tisa. Hawakutukana. Mama mtu alizipanga picha mezani moja moja, kisha akauliza taratibu, "Ndugu yangu, kama ulijua unaumwa, kwa nini hukutuambia?" Tangu siku hiyo Baba hakugusa kamera. Alikaa sebuleni miaka kumi na mmoja, mkono mfukoni, akisikiliza redio, na hilo neno mkono halikuwahi kumtoka kinywani.

Bi Tulia naye sasa ana miaka arobaini na saba. Asubuhi kabla ya kufungua mlango alikuwa akijitazama kwenye kile kioo cha wateja na kujiuliza arusi yake yeye itakuwa ipi. Usimwambie kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hiyo anaijua tangu shule ya msingi. Methali ni rahisi kuisema ukiwa mzima.

Arusi yake ililetwa na rafiki zake wawili, na ililetwa kwa upendo, ndiyo maana ikawa ngumu kuikwepa.

Rafiki hao alisoma nao tangu wote watatu wana mapengo. Mmoja ni Mwalimu, anafundisha hesabu, mwanamke mkali ambaye hata akikupa pole unahisi umesahihishwa. Wa pili ni Futi, fundi cherehani, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya futi ya kupimia inayoning'inia shingoni mwake kila mahali, misibani ikiwemo. Mwalimu ana ugonjwa mmoja mtamu: anapenda muziki wa metali, tena ule wanaouita progresivu, ambao wimbo mmoja unaweza kula robo saa na kubadili mwendo mara saba. Watu wengine husikia kelele. Yeye husikia hesabu. Hukaa sebuleni kwake, vidole juu ya goti, akihesabu moja mpaka saba, moja mpaka tano, moja mpaka saba tena, uso umemnawiri. Kidogo kidogo aliwaambukiza wenzake. Futi alikubali kwa sababu anasema mwendo ule unafanana na cherehani yake ikipanda mshono mnene. Bi Tulia alikubali kwa sababu ukiwa na marafiki wawili tu huwezi kuwachagulia muziki.

Sasa ilikuwepo bendi moja ya muziki huo, na mpiga dramu wake alikuwa zamani mwanafunzi wa Mwalimu, yule ambaye darasani alikuwa akifukuzwa kwa kugonga dawati. Bendi ilikuwa na onyesho Jumamosi alasiri, na haikuwa na picha hata moja ya kuweka kwenye bango.

"Nimeshawaambia utakuja na kamera," Mwalimu alisema, akiwa amesimama mlangoni mwa studio na daftari za wanafunzi kwapani. "Mpiga picha anaruhusiwa kukaa mbele, chini ya jukwaa, nyimbo tatu za kwanza tu. Taa ya kamera hawataki. Stendi nayo usilete, nafasi ni finyu."

Bi Tulia aliitazama stendi yake. Bila taa, bila stendi, gizani, watu wanarukaruka.

"Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri gizani," alisema.

"Juzi meno, leo macho," Futi alidakia kutoka kwenye stuli, alikokuwa anajizungusha. "Si uzeeke siku moja tu tukajua moja."

Wakacheka, naye akacheka. Kukataa kungehitaji sababu, na sababu aliyokuwa nayo ni moja tu. Akasema haya, atakuja.

Wiki nzima alijifunza kwa siri. Jioni alizima taa ya chumbani, akafunga pazia, akapiga picha kitasa cha kabati. Alibana kiwiko kwenye mbavu. Alizuia pumzi. Aliegemea ukuta, akajaribu mkono wa kushoto, akajaribu kukaa chini na kuweka kamera kwenye goti. Mumewe, dereva wa lori anayelala nyumbani siku mbili kwa wiki, aliingia akamkuta amepiga magoti mbele ya kabati.

"Kuna nini humo?"

"Najaribu lenzi."

Mume alilitazama kabati, akamtazama mkewe, akaona yaliyomo hayamhusu, akaenda kula. Picha mia mbili na kumi alizipiga usiku ule na uliofuata, na katika zote kitasa kilikuwa na pacha wake. Alizifuta moja moja mpaka kidole gumba kikauma. Usingizi ulipomjia alimwona mama yule akipanga picha mezani, ila safari hii uso ulikuwa wa Mwalimu.

Jumamosi ikafika, maana siku unayoiogopa haichelewi. Ukumbi ulikuwa zamani ghala la mbao, na ukivuta pumzi bado unasikia harufu ya msonobari. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa turubai. Watu walijaa, vijana kwa watu wazima, karibu wote wamevaa nyeusi. Futi alikuwa amejishonea shati jeusi kwa ajili ya siku hiyo, na juu yake futi ya njano. Mwalimu aligawa vizibo vya masikio kutoka kwenye kopo la chaki, akikagua kama kila mmoja amevisukuma vizuri. Mlinzi aliwaruhusu wote watatu kupita mpaka chini ya jukwaa, kwa hisani ya mpiga dramu, akanyoosha vidole vitatu mbele ya pua ya Bi Tulia. Nyimbo tatu. Akakumbusha tena kwa vidole vile vile, kama ada ya watu wa mlangoni.

Wimbo wa kwanza ulianza bila kubisha hodi. Magitaa mawili, besi, dramu, na mwimbaji mwenye nywele za kumfika kiunoni aliyekuwa akizitupa mbele na nyuma. Bi Tulia aliinua kamera, na mkono ukaamka pale pale. Alipiga. Akatazama kioo cha kamera, akaona michirizi ya bluu na nyekundu. Alipiga tena kumi, ishirini. Mwimbaji mwenye vichwa viwili. Gitaa lenye shingo nne. Alikuwa akifunika kioo kwa kiganja kila mara Mwalimu alipochungulia, akimwashiria kwamba bado, bado, mambo mazuri yako mbele.

Katikati ya wimbo wa pili jambo dogo lilitokea, na nisipolisimulia nitakuwa nimemdhulumu. Aliinamisha kamera kupumzika, akaona chupa ya maji iliyowekwa ukingoni mwa jukwaa. Maji ndani yake yalikuwa yanatetemeka. Sakafu ilikuwa inatetemeka chini ya viatu vyake, na ncha ya futi kifuani mwa Futi, na ubao wa spika, na mbavu zake mwenyewe. Mwalimu alikuwa amefumba macho, vidole vinahesabu saba. Kwa dakika nzima mkono wa Bi Tulia haukuwa na upekee wowote ndani ya jengo lile, na muziki ukamwingia moja kwa moja, ule mwendo uliokuwa ukikatika na kujiunga mahali asipotegemea. Alifurahi mpaka akacheka kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia. Kisha wimbo ukaisha, mlinzi akanyoosha kidole kimoja, na roho ikarudi juu juu.

Mwalimu alimsogezea mdomo sikioni. "Huu wa mwisho una kituo. Wanakata ghafla, wote, wanahesabu kumi na moja kimoyomoyo, halafu wanarudi pamoja. Hapo hakuna anayejitikisa, na ukumbi wote unanyamaza. Wenyeji wa wimbo huu wanakuja kwa ajili ya hapo tu. Piga hapo."

Kumi na moja. Angekuwa na stendi, angepiga picha kumi na moja. Bi Tulia aliangaza macho huku na huku akitafuta cha kuegemea: nguzo iko mbali, ukingo wa jukwaa unaruka kwa mshindo. Akaliona bega la Futi.

"Simama mbele yangu," alimwambia. "Nipe bega. Inama kidogo."

"La nini?"

"Futi, usiniulize."

Fundi akainama. Anajua kukaa mkao wa kupimwa, kwa kuwa amewapima wengi. Bi Tulia aliweka kamera juu ya bega lake, akabana shavu, akasubiri. Wimbo ulipanda, ukajipinda, ukapanda tena. Mwalimu aliinua mkono hewani. Akaushusha.

Kimya.

Watu mia nne walizuia pumzi. Juu ya jukwaa mwimbaji alikuwa amesimama mdomo nusu wazi, jasho likimning'inia ncha ya pua. Mpiga dramu alikuwa na fimbo mbili hewani. Na katika kimya kile kitakatifu, kinywa cha Bi Tulia, ambacho hakuna aliyekituma, kikasema kwa sauti kavu ya kazini:

"Kidevu juu kidogo. Usicheke. Tulia hapo hapo."

Ilisikika mpaka mlangoni. Mwimbaji akageuza macho kwenye lenzi. Sijui ni utii wa namna gani ulioko ndani ya binadamu mbele ya sauti ile, lakini aliinua kidevu. Wa besi akanyoosha mgongo. Mpiga dramu, aliyekuwa kwenye tano au sita, akapoteza hesabu, na uso wake ukaonyesha hivyo. Kumi na moja ikapita. Waliojua wimbo walitazamana. Hakuna aliyerudi kwenye wimbo. Kimya kikaendelea kurefuka, bendi nzima imekaa mkao wa pasipoti, na Bi Tulia akapiga moja, akapiga ya pili, akapiga ya tatu.

Kisha, Mungu amsamehe, akamalizia: "Asante. Haya, anayefuata."

Fimbo zikashuka. Wakaingia wote watano kwa pigo moja, na ukumbi ukalipuka kwa vicheko na vifijo hata vizibo vya masikio havikufaa kitu.

Mlinzi aliwarudisha nyuma ya kamba ya watazamaji, naye akicheka. Bi Tulia alitamani ardhi ipasuke. Lakini aibu hiyo haikudumu, kwa sababu kulikuwa na kubwa kuliko hiyo. Futi hakuwa amecheka. Alikuwa amesimama hatua moja mbele yake, akilisugua bega lake polepole, na hakugeuka nyuma. Nyimbo sita zilizobaki Bi Tulia hakuzisikia. Alitazama mgongo wa shati jeusi, akijua kwamba bega limeshaambiwa. Mwisho wa onyesho watu walipotaka wimbo wa nyongeza hawakuomba kwa kupiga makofi. Walipiga kelele, "Anayefuata! Anayefuata!" Hata hilo halikumfanya atabasamu.

Walitoka jua bado halijazama, wakakaa kwenye mgahawa ng'ambo ya barabara. Soda zikaja, ya Bi Tulia na bilauri na mrija bila kuagizwa, maana mhudumu alishamzoea. Mwalimu alichukua kamera akaanza kubonyeza.

"Hii nini? Na hii?" Akabonyeza tena. "Zote zimetikisika."

Alizidi kubonyeza, moja moja. Bi Tulia alikuwa ameshaiona meza hii. Alijua ni swali gani linafuata.

Halafu zikaja zile tatu. Mwalimu akaacha kubonyeza. Unyevu kwenye kope za mwimbaji ulionekana, na unywele mmoja uliomnatia shavuni, na nyuma yake fimbo mbili hewani, kali kabisa. Na kidevu kilikuwa juu kidogo.

"Hizi ni za bega langu," Futi alisema. Akasogeza bilauri yake kando. "Lilivyokuwa linatetemeshwa, nikadhani ni spika. Halafu muziki ukakatika, na bega halikuacha. Tangu lini?"

Meno yalikuwepo ya kusingizia. Macho pia. Hata ubaridi wa ukumbi ungefaa. Bi Tulia alitazama mkono wake uliolala pajani, mpole, na akamkumbuka baba na redio yake.

"Mwaka na nusu," alisema. "Kikombe, kalamu, kila kitu. Ni mkono wa baba. Naogopa. Naogopa sana, jamani."

Mwalimu alikasirika, kwa sababu yeye huanza na hasira hata akiwa na huruma. "Na mimi nikakupeleka bila stendi."

"Hukujua."

"Sikujua kwa sababu hukusema."

"Mwaka na nusu," Futi alisema. "Mimi nikikosea suruali inchi moja nawapigia simu nyote wawili."

Bi Tulia akautoa mrija, akauweka mezani, akainua bilauri kwa mkono wa kulia. Soda ilicheza, ikaruka ukingo, ikamwagikia vidole vyake na meza na ncha ya futi. Hakuishusha. Ilifika mdomoni ikiwa imebaki nusu, na wenzake waliitazama safari yote bila kugeuza uso.

Mwalimu, ambaye macho yalikuwa yamemlowa na hakutaka yaonwe, alitoa simu yake akaielekeza kwao. "Nipige ya kumbukumbu. Futi, sogea. Bi Tulia, inua tena hiyo bilauri. Kidevu juu kidogo. Tulia hapo hapo."

"Siwezi," Bi Tulia alisema.

Mwalimu akabonyeza.

Wiki iliyofuata alikwenda hospitali, Futi akimsindikiza na futi yake. Daktari alisema ni mtetemeko wa kurithi, una dawa ya kuupunguza, hauna ya kuumaliza. Jioni hiyo alimweleza mumewe, ambaye alisema, "Kumbe ndiyo habari ya kabati." Bendi iliweka ile picha ya kidevu kwenye bango, na mabango yapo mjini mpaka leo.

Lakini picha aliyoitundika studio, ukutani pale anapotazama kila anayekaa kwenye stuli, ni ile ya simu ya Mwalimu. Fundi amekunja uso, mwanamke aliye kando yake amefungua mdomo kusema neno, na mahali pa mkono na bilauri pana ukungu mtupu. Juzi mteja mmoja, karani wa benki aliyetaka picha nne, aliitazama sana.

"Mama, ile pale mbona mkono umetikisika?"

Bi Tulia alikuwa anakaza skrubu ya stendi, na skrubu ilikuwa inamsumbua. "Unatikisika na hapa," alimwambia, akamwonyesha. "Haya, kidevu juu kidogo."